Wasifu wa Mfasiri wa Kujitegemea: Kuutambua Ulioandikwa Vyema

Wasifu wa mfasiri wa kujitegemea hupimwa kwanza kwa jambo moja: je, yaliyoandikwa yanaweza kukaguliwa? Futa jina la mwenyewe, weka la mfasiri mwingine yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa, kisha usome tena. Ikiwa kila neno bado linamfaa huyo mwingine, hapo hakuna wasifu. "Mchapakazi, mwenye uzoefu mkubwa, anayejali muda na ubora" huenda ni kweli tupu, lakini mkweli na mwongo hujisifu kwa maneno yaleyale na msomaji hana namna ya kuwatenganisha. Linganisha na huu: "Ninafasiri fomu za ridhaa za utafiti wa tiba na vipeperushi vya chanjo, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili cha Tanzania. Nimesomea uuguzi. Ninatumia programu za tafsiri za Trados na memoQ." Kila kipande kina mlango wa kugongwa: mteja anaweza kuomba cheti, aya ya majaribio, au faili. Fomu ya ridhaa ndiyo karatasi ambayo mshiriki wa utafiti hutia sahihi au dole gumba. Kwa watafiti wa Ifakara au Kilifi, ambako chanjo za malaria zimefanyiwa majaribio, hayo maneno mawili, "nimesomea uuguzi", yana uzito zaidi kuliko sifa kumi. Vivyo hivyo kwa aliyeandikishwa kwenye kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA): ametaja kitu kinachoulizika.

Jicho lililozoea hutafuta pia mwelekeo wa lugha. Anayedai kufasiri kwenda na kurudi katika lugha tano kwa ufasaha uleule anajiharibia, maana desturi ya kazi hii ni kufasiri kuingia katika lugha unayoimiliki zaidi. Kisha, Kiswahili kipi? Hati ya mahakama ya Nairobi na kipeperushi cha afya cha Lubumbashi haviandikwi kwa Kiswahili kimoja, na mfasiri anayelijua hilo hulisema mapema. Mapema hasa, kwa kuwa kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni kama Upwork mteja huona mistari michache tu kabla hajafungua ukurasa mzima. Mstari wa kwanza uliotumika kusema "karibu sana" umekwisha kupotea.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mstaarabu hajitangazi. Methali hiyo ni ya soko ambamo mnunuzi hushika bidhaa kwa mkono wake. Tafsiri haishikiki hivyo: anayeinunua mara nyingi hajui Kiswahili hata kidogo, ndiyo maana anaitafuta. Kumtajia ulichokifanya, bila kujimwagia sifa, ni kumpa cha kushika, na kuna staha zaidi katika kusema "nimesomea uuguzi" kuliko "mimi ni bingwa".

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Aliyejibana kwenye tiba atakosa kazi za sheria, na kweli baadhi atazikosa. Lakini mratibu wa wakala wa tafsiri humtafuta mtu wa hati iliyo mezani kwake siku hiyo. Akiwa na fomu ya utafiti, humruka mfasiri wa kila kitu. Tena hakuna kinachomzuia mfasiri kuwa na wasifu zaidi ya mmoja, ukweli uleule ukipangwa kwa kadiri ya msomaji. Anayeanza naye ana ya kutaja: alichosomea, kipeperushi alichoifasiria zahanati kwa kujitolea, sampuli iliyo wazi kwa yeyote kuisoma.

Linabaki suala la siri, kwa sababu mikataba mingi hukataza kumtaja mteja. Aina ya hati na aina ya mteja vinatosha: "itifaki za utafiti wa kifua kikuu kwa shirika la kimataifa". Wasifu uliojaa majina makubwa ya wenye hati za siri usikuvutie haraka. Msomaji makini ataanza kujiuliza hati zake mwenyewe zitatajwa kwa nani.