Mkataba Usiokaguliwa: Istilahi ya Kompyuta Mbele ya Msomaji wa Goma

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazoonekana nyepesi kutafsiriwa ni "mkataba wa programu", dhana ambayo Mfaransa Bertrand Meyer aliijengea lugha ya Eiffel katika miaka ya 1980. Mwanafunzi wa Goma husoma sayansi kwa Kifaransa, ilhali sokoni na nyumbani husema Kiswahili. Kwake, neno contrat na neno mkataba huonekana kuwa kitu kimoja. Uchunguzi wa karibu unaonyesha sivyo.

Dhana yenyewe haina ugumu. Mkulima wa Kibumba akimkabidhi mwendesha chukudu magunia ya viazi yapelekwe Goma, yampasa kwanza ayafunge barabara. Mwendesha chukudu naye yampasa ayafikishe mazima. Wajibu wa mkulima ni sharti la kuingia, na wa mwenzake ni dhamana ya kutoka. Gunia likipasuka mteremkoni, masharti hayo ndiyo yanayoamua ni nani wa kulaumiwa. Ndivyo ilivyo kati ya sehemu ya programu inayoita na ile inayoitwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia kabla ya sekunde 40 za safari kutimia. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilipewa thamani kubwa kuliko iliyoweza kuipokea, na kikomo chake hakikuandikwa ndani ya programu ili kikaguliwe.

Hapa Kiswahili kina sifa yake. Contrat hutokana na Kilatini chenye maana ya kuvuta pamoja, hakidai maandishi. Mkataba hutokana na mzizi wa Kiarabu wa kuandika, mzizi ule ule uliozaa kitabu, katibu na maktaba. Udugu huo una maana. Mnamo Februari 2025, huko Hagenberg, Austria, kamati ya lugha ya C++ iliingiza mikataba katika rasimu ya C++26. Katika mkutano huo huo ilikubali kuimarisha maktaba sanifu, yaani hazina ya kazi zilizo tayari kutumiwa, ili kuvunja masharti yake kuhesabiwe kuwa kuvunja mkataba.

Hata hivyo, istilahi hii ina upungufu. Chini ya kanuni hizo, kompaila inaweza kuelekezwa ilipuuze sharti. Ilikague, itoe taarifa na kuendelea. Itoe taarifa na kusimamisha kazi. Au isimamishe papo hapo bila taarifa. Uamuzi huo unaweza kufanywa na anayejenga programu, ambaye pengine hakuwa mwandishi wala mtumiaji wa sharti lenyewe. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maandishi ambayo mtu wa tatu anaweza kuyafumbia macho hayafai kuitwa mkataba.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinamudu maneno ya kwenye skrini. Kazi iliyobaki ni ya ndani zaidi. Faharasa inayoandika "mkataba" bila kutenga sharti lililoandikwa na sharti linalotekelezwa humwachia mwanafunzi neno zuri lenye ahadi ya uongo. Atadhani magunia yamekaguliwa, kumbe yameteremka kamba zikiwa zimelegea.