Ufundi wa Kutunza Mwendo

Hapa kwetu Chaani, mtaa wa Changamwe mjini Mombasa, tunaijua Japani kwa vyuma na saruji. Kuna magari ya mtumba yanayoshushwa Kilindini, kuna gati la makontena lililofunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Wajapani, kuna barabara ya Dongo Kundu, mkopo mwingine wa huko huko. Lakini liko jambo la zamani kuliko hayo yote, nalo tumelinyamazia mno. Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, Douglas Wakiihuri, alizaliwa Mombasa mwaka 1963, na ufundi wake aliusomea Tokyo. Ukiliangalia vizuri jambo hilo, linaitia dosari ile imani yetu kwamba mbio ndefu ni mali ya watu wa milimani, waliozaliwa nayo damuni, na kwamba sisi wa pwani tumeandikiwa mpira na basi. Mimi nashikilia kwamba kukimbia masafa marefu ni ufundi, na ufundi hufundwa.

Anayetazama marathoni kwenye televisheni huona miguu, ilhali kazi yenyewe iko kwingine. Kilomita 42 na mita 195 zinaizidi akiba ya sukari iliyomo mwilini; ikifika kilomita ya 30 hivi, akiba hiyo huelekea ukingoni, na kila nguvu iliyofujwa mwanzoni hudaiwa hapo pamoja na riba. Kwa hiyo mkimbiaji ni kama mchuuzi mwenye mtaji mdogo: umahiri wake hasa ni kujua wakati wa kutotumia. Mwenzake akichomoka mbele, yeye habanduki kwenye mwendo wake. Upepo ukivuma, hujibanza nyuma ya mgongo wa mwingine. Kona huikata kwa ndani, maji huyanywa kabla kiu haijambana, mabega na vidole huvilegeza, kwa sababu hata ngumi iliyokazwa hula nguvu. Wakiihuri aliposhinda Rome mwaka 1987, alitumia saa 2, dakika 11 na sekunde 48, zaidi ya dakika nne nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Saa yenyewe haikumtisha mtu. Ila aliyemfuata, Ahmed Salah wa Djibouti, alifika sekunde 42 baadaye. Mwaka uliofuata, mjini Seoul, Gelindo Bordin wa Italia alimtangulia kwa sekunde 15 tu, na fedha ile ikawa medali ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. London mwaka 1989 washindi watatu walipishana kwa sekunde sita, na wa kwanza alikuwa yeye, sekunde tatu mbele ya wa pili. Mtu anayeshinda kwa sekunde tatu baada ya saa mbili na zaidi hakushinda kwa mapafu peke yake.

Tokyo alikwenda mwaka 1983, kwa kocha Kiyoshi Nakamura, mzee aliyemlea Toshihiko Seko, yule aliyeshinda Fukuoka mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1978. Nyuma ya Nakamura ulikuwepo utamaduni mzima. Jigoro Kano, aliyeasisi judo mwaka 1882 kwa kuifinyanga upya mieleka ya kale ya nchi yake, ndiye aliyeiongoza timu ya kwanza ya Japani kwenye Olimpiki, Stockholm mwaka 1912. Katika timu hiyo yenye wanariadha wawili tu alikuwemo mwanafunzi wa chuo alichokisimamia, Shizo Kanakuri, mkimbiaji wa marathoni. Kanakuri alizidiwa na joto njiani, akaacha mbio, akajiendea zake pasipo kuwaarifu wasimamizi. (Mwaka 1967 Waswidi walimwalika akazimalize, akafika utepeni baada ya miaka 54 na zaidi.) Aibu ile aliigeuza kazi: alikuwa miongoni mwa walioanzisha mbio za kupokezana za vyuo, kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, mwaka 1920. Mpaka leo hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari, wakimbiaji kumi kwa kila timu, na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni.

Katika mbio hizo hakuna kijiti. Kila mkimbiaji huvaa mshipi wa kitambaa begani, jasho la aliyetangulia likiwa limeulowesha, na akikaribia kituo huuvua na kuunyoosha kwa mikono miwili ili mwenzake aupokee pasipo kusita. Timu ikichelewa kupita kiasi, anayesubiri huruhusiwa kuondoka na mshipi wa akiba, na yule aliyekuwa akija hufika na wa kwake mkononi, hana wa kumpa. Hapo watu wazima hulia barabarani. Desturi hiyo ndiyo inayomfunza kijana kwamba nguvu zake si zake peke yake, na akizifuja kilomita ya tatu ameziibia timu. Wakenya nao waliingia humo zamani: Joseph Otwori alikimbia Hakone mwaka 1989 akiwa na chuo cha Yamanashi Gakuin, na Samuel Wanjiru alipelekwa shule ya Sendai akiwa bado mtoto, kabla ya kuiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing mwaka 2008.

Mtu wa Iten, kule milimani, atacheka. Atasema Wanjiru ni wa Nyahururu, kwamba hewa nyepesi ya juu huongeza chembe nyekundu za damu, na kwamba Wakiihuri mmoja hafanyi kanuni. Ya hewa siyapingi. Sayansi iko upande wake. Lakini hewa ile ilikuwapo milimani miaka yote, na ubingwa wa dunia wa marathoni ukaja kwanza na mtu aliyefundwa usawa wa bahari, katika jiji ambalo kiangazi chake kina joto na unyevu kiasi kwamba marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilihamishiwa Sapporo, kaskazini kabisa. Joto la Changamwe basi si hoja. Mwinuko huongeza mtaji. Kuhusu namna ya kuutumia, hausemi kitu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Japani kwenyewe. Wanaume wao wa leo hawashindi Olimpiki, na wapo wanaoilaumu ile ile Hakone: vijana hukamuliwa mapema kwa ajili ya mbio za kilomita ishirini hivi, wakifika umri wa marathoni wamechakaa. Nakubali kwamba mfumo unaoweza kufunza unaweza pia kuvunja. Hata hivyo, upande wa wanawake, Naoko Takahashi alichukua dhahabu Sydney mwaka 2000, Mizuki Noguchi akaichukua Athens mwaka 2004 kwenye joto lililowatoa wengi barabarani, na Nakamura mwenyewe alifariki mwaka 1985, miaka miwili kabla ya Rome. Mwalimu alikwisha kuzikwa, kazi yake ikaendelea kukimbia.

Watasema Chaani hakuna pa kukimbilia, barabara ni za malori ya makontena na vumbi lake. Ni kweli baada ya kucha, si kweli alfajiri. Vijana wa Nakamura walizunguka bustani ya Jingu Gaien katikati ya Tokyo, mzunguko wa kilomita 1.3 hivi, tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Njia ya urefu huo haikosekani baina ya mitaa yetu. Tunachokosa ni mtu wa kusimama kando yake akiwa na saa mkononi, anayejua anachokitafuta, na anayelipwa vya kutosha ili mwakani awe bado yupo pale.