Bastola Ipi Inafaa Kwenye Hadithi?

Kiswahili cha kila siku kinatumia neno moja, bastola, kwa vitu viwili: ile inayochomekwa magazini kwenye mpini, na ile ya silinda inayozunguka, yenye risasi tano au sita, kila moja kwenye tundu lake. Hapa nazungumzia zaidi hii ya silinda. Wapenzi wa riwaya za upelelezi wanaweza kukesha wakibishana ipi ni bora, na kwa kaliba gani, yaani kipenyo cha mtutu. Mimi nauliza swali jingine: inamfanyia nini mhusika?

Chukua James Bond. Ian Fleming alimpa Beretta ya .25, mtutu wa milimita sita na ushee. Mwaka 1956 msomaji mmoja wa Scotland, Geoffrey Boothroyd, mjuzi wa silaha, akamwandikia kulalamika kwamba hiyo ni bastola ya akina mama. Akapendekeza Smith & Wesson Centennial Airweight ya .38: ya silinda, nyepesi, nyundo yake imefichwa ndani isije ikanasa kwenye koti. Fleming akakubali nusunusu. Katika *Dr. No* (1958) Bond anapewa Walther PPK, ambayo si ya silinda, pamoja na hiyo Smith & Wesson, na mtaalamu anayemkabidhi anaitwa Boothroyd! Ila PPK akaivisha mkoba wa Berns-Martin, uliobuniwa kwa bastola za silinda. Utafiti wote ule, jamani.

Kwangu mimi hasara si huo mkoba. Kile kibastola cha .25 kilisema kitu kuhusu Bond: mtu anayejiamini kupita kiasi na anayejali suti yake ikae vizuri. PPK inasema tu kwamba mwandishi amepekua katalogi.

Arthur Conan Doyle hakujisumbua hivyo. Katika hadithi ya bendi ya madoa, ya mwaka 1892, Holmes anaitaja bastola ya Watson kwa jina la Eley, ambao walikuwa watengenezaji wa risasi. Mashabiki bado wanabishana. Watson alijeruhiwa Afghanistan mwaka 1880, na jeshi la Uingereza lilipokea Webley mwaka 1887, kwa hiyo wengine wanasema lazima iwe Adams ya .450. Hadithi yenyewe haitikisiki hata kidogo. Kuna daktari, ana silaha ya zamani ya jeshi mfukoni, anamfuata rafiki yake gizani. Yatosha.

Ya kwangu, hata hivyo, ni ya Mjomba Vanya. Chekhov hatuambii kaliba wala kiwanda. Vanya ana miaka 47, amelisimamia shamba kwa miaka mingi ili shemeji yake profesa aishi vizuri mjini, na sasa profesa anataka liuzwe. Anamfyatulia mara mbili, ndani ya nyumba, na zote mbili anamkosa. Kufika sehemu ya nne yuko mezani tena, anaandika hesabu za mafuta ya kula, na profesa ameshaahidiwa kwamba ataendelea kutumiwa pesa zake kama zamani.