Sindano ya Pili

Katika toleo moja la jarida la Science, Mei 1992, makala mbili fupi kuhusu panya wa maabara zimepakana. Ya Koh, Mak na wenzao inaishia ukurasa wa 1213. Ya Jiang, Zhang na Pernis inaanzia hapo hapo. Zote zinauliza swali moja: seli T za aina ya CD8 zina kazi gani panya anapodungwa protini ya mielini, ile ala ya neva, hadi kinga yake mwenyewe ikaushambulia ubongo na uti wa mgongo?

Hoja zimejengwa kwa namna moja: ondoa seli, utazame kinachoharibika. Lakini Koh na wenzake walitumia panya waliozaliwa bila jeni ya CD8. Masimulizi yao, basi, hayana kabla na baada. Ni makundi mawili yaliyowekwa bega kwa bega. Jiang na wenzake walitumia kingamwili kuwanyang'anya panya seli walizokuwa nazo, wakaifanya hoja yao iende na wakati. Panya anaugua, anapona, anadungwa tena. Kwa kawaida aliyepona huwa sugu, haugui mara ya pili. Aliyepokonywa seli za CD8 alipona vilevile, ila usugu ule hakuupata. Alipodungwa tena, aliugua. Uzito wote wa makala umebebwa na sindano hiyo ya pili. Wangeishia kwenye ya kwanza, seli hizi zingeonekana hazina kazi.

Kwa anwani, hata hivyo, Koh amewashinda. Anwani ya Jiang inataja mada tu na kunyamaza. Ya Koh inatamka matokeo yanayopingana bila kuyapatanisha: vifo vimepungua, marudio ya ugonjwa yameongezeka. Seli zile zile, kumbe, hujeruhi na hulinda. Naiheshimu sana anwani hiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuchagua upande mmoja na kuuita ugunduzi.

Udhaifu wa Koh uko kwenye muundo wenyewe. Mwili uliokosa seli tangu kuzaliwa huenda umejipangia njia nyingine, na kulinganisha makundi pekee hakuwezi kutuonyesha njia hizo. Msomaji wa elimu ya kinga azisome zote mbili. Akipata nafasi ya moja tu, asome ya Jiang.