Kompyuta Inajuaje Treni Imefika Wapi?

Anayeona kwa mara ya kwanza treni za mfano zikiendeshwa na kompyuta hushangazwa na jinsi zinavyokwenda bila kuguswa na mtu. Kwenda ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kusimama mahali hasa panapotakiwa: kichwa kisipite ishara, behewa la mwisho lisibaki nje ya jukwaa, na iwe hivyo kila mara treni inapoingia stesheni. Programu nzuri na mbaya hutofautiana hapo.

Amri za kuendesha treni zimeshapata utaratibu. Zamani mtu aliongeza au kupunguza volti kwenye reli, na vichwa vyote vilivyokuwa juu ya reli hiyo vikatii kwa pamoja. Mfumo wa kidijitali wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, huweka umeme kwenye reli muda wote na kuugeuzageuza upande maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme ukikaa maikrosekunde 58 kila upande, hiyo ni 1. Ukikaa 100 au zaidi, ni 0. Ndani ya kila kichwa kuna dikoda inayosikiliza mpaka isikie namba yake, ndipo inaiambia mota ishike kasi gani kati ya hatua 126. Ujumbe ukiharibika njiani kwa sababu ya vumbi, dikoda huutupa na kungoja unaofuata, maana amri hurudiwa tena na tena.

Lakini dikoda inaposikia amri, haisemi iko wapi. Hata teknolojia ya RailCom, inayoiwezesha kujibu maneno machache, haiwezi kutaja sentimita. Kwa hiyo reli hukatwa vipande vilivyotenganishwa kiumeme, na kila kipande huwekewa kihisi. Wazo hili limetoka kwenye reli kubwa: Mmarekani William Robinson alilipatia hataza mwaka 1872, magurudumu ya treni yakiunganisha reli mbili na kuizimia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) umeme wake. Kwenye reli za mfano, vihisi vingi hufanya kinyume: hupima kama kuna kitu kinachotumia umeme katika kipande hicho. Kichwa kina mota, hivyo kinaonekana. Behewa la plastiki halitumii umeme wowote, kwa hiyo mafundi hubandika rezista ndogo kwenye ekseli yake, aghalabu ya omu 10,000, ikivuka kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nasisitiza behewa la mwisho kuliko mengine yote. Likikatika na kubaki nyuma bila rezista, kompyuta itaamini njia ni tupu na kuruhusu treni nyingine iingie.

Sasa tuje kwenye kusimama. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, treni ya kilomita 80 kwa saa hutembea sentimita 25 na nusu kwa sekunde. Habari ya kihisi ikichelewa kwa moja ya tano ya sekunde, treni imeshapita sentimita 5, ambazo kwenye reli kubwa ni zaidi ya mita 4. Kihisi nacho hutoa habari moja tu: treni imeingia kipande hiki. Kuanzia hapo mpaka isimame, labda mita moja mbele, kompyuta haioni chochote. Inapiga hesabu.

Na hesabu hiyo inategemea jambo moja ambalo wengi hulikimbia kwa sababu linachosha: kupima kila kichwa. Programu hukipeleka na kukirudisha juu ya kipande chenye urefu unaojulikana, hatua moja ya kasi baada ya nyingine, mbele na nyuma, ikiandika muda kila mara. Hatua ya 40 ya kichwa kimoja si hatua ya 40 ya kingine. Mota ipashwe moto kwanza, maana grisi baridi hudanganya. Dikoda nayo iwe ya aina inayoikatia mota umeme kwa kitambo kidogo sana na kupima volti inayozalishwa na mota yenyewe inapozunguka, ili kasi isishuke treni inapopanda mlima na mabehewa yake. Kisha namba za mipangilio ya dikoda ziitwazo CV3 na CV4, zinazochelewesha kuongeza na kupunguza kasi, zishushwe karibu na sifuri. Ukiziacha juu, dikoda na programu zote mbili zitakuwa zinafunga breki, kila moja kwa hesabu yake.

Vipimo vikiwa sahihi, matokeo yanapendeza sana. Treni ile ya kilomita 80 ikipewa mita moja ya kusimama kwa breki ya kadiri moja, itachukua karibu sekunde 8, na katikati ya mita hiyo bado itakuwa na kasi ya karibu kilomita 57 kwa saa. Ndivyo treni ya kweli inavyoingia stesheni: unadhani itapitiliza, kisha inatulia.

Uamuzi wa treni ipi ipite ni kazi nyingine ya programu, iwe TrainController ya kulipia au JMRI ya bure. Kanuni ni kwamba treni huomba kipande cha mbele pamoja na pointi zake (reli za kubadilisha njia); ikipewa, vinafungwa mpaka ipite. Hiyo huzuia ajali, ila haizuii mkwamo. Vipande vinne vya duara vikijaa treni nne, kila moja inangoja ya mbele yake na hakuna itakayosogea. Dawa ni kutoiruhusu treni iingie sehemu ya njia kabla haijahakikishiwa pa kutokea upande wa pili.

Kuna jambo moja ambalo kompyuta hailioni kabisa: treni kuanguka nje ya reli. Ndiyo maana Miniatur Wunderland, maonyesho ya treni za mfano ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kukua hadi kuwa na treni zaidi ya 1,000, bado ina watu mbele ya safu za skrini na kamera mchana kutwa. Programu inaweza kujua tu kwamba treni ilipaswa kufika kipande kinachofuata na muda umepita. Basi inasimamisha za nyuma yake, inakiacha kipande kikiwa kimefungwa, na kumwita mtu aende akaangalie.