Tanga Halisimami Bila Kamba

Ukitazama mashua za wavuvi wa Likoni zikirudi na upepo, jicho hukimbilia tanga. Mimi nawapongeza wanaofunga kamba zake.

Mashua kuukuu haisamehe uzembe. Kabla ya kuishua, baharia huikagua jarari shibiri kwa shibiri, ile kamba inayopita kwenye gofia kupandisha foromali, mti unaobeba tanga. Huipitishia kidole gumba. Akihisi nyuzi zimelika, hukata papo hapo na kuunga upya. Kisha huigeukia demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga: ikikazwa mno chombo hulala, ikilegezwa mno tanga hupigapiga na chombo hakiendi.

Zamani kamba hizi zilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Leo nyingi ni za nailoni. Nailoni haiozi upesi, lakini jua huila na fundo lake huteleza. Ndiyo maana mkono wa mzoefu ungali na thamani, kaskazi na kusi.

Vijana wa Likoni na Kisauni, kaeni karibu na wazoefu hawa mjifunze mafundo yao. Nanyi mabaharia, hongereni. Kamba zenu ndizo zinazowarudisha watu nyumbani.