Ukingo Kwanza, Maua Baadaye

Mjini Columbia, jimbo la Maryland nchini Marekani, mume na mke walioacha ukoka na kupanda maua ya asili waliamriwa na chama cha wenye nyumba warudishe nyasi. Waligoma, wakaenda mahakamani, na Desemba 2020 wakafikia makubaliano: bustani karibu yote ibaki, ila waondoe mimea iliyosogelea mpaka wa jirani. Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Oktoba 2021 ikavizuia vyama hivyo kumlazimisha mtu kupanda nyasi, mradi bustani yake aitunze mara kwa mara.

Sharti hilo la utunzaji ndilo kiini cha kazi yote ya kugeuza ukoka kuwa maua ya asili. Joan Nassauer, msanifu wa mandhari, aliandika mwaka 1995 kwamba watu huikubali mimea iliyojiachia pale wanapoona dalili za mkono wa mtu: ukanda wa nyasi iliyokatwa pembeni, njia safi, ua mfupi. Nami nasema ukanda huo utengenezwe kabla ya mbegu ya kwanza. Jirani akiuona umenyooka, hatauliza sana kilichomo ndani.

Ukoka wa katikati huuawa kwa kufunikwa: maboksi yaliyokunjuliwa, yakaloweshwa, juu yake matandazo. Mbolea usitie kabisa. Udongo ulionona huyarefusha maua ya asili hadi yanalala, na ua lililolala njiani ndilo linaloleta malalamiko.

Uchaguzi wa mimea nao unataka jicho. Viwavi wa kipepeo monaki hula jamii ya Asclepias tu, lakini Asclepias syriaca hutambaa chini kwa chini hadi kwa jirani. Mbele ya nyumba panda Asclepias tuberosa: maua ya rangi ya chungwa, kimo cha magotini hivi, na hutulia pale ulipoipanda. Mbegu zake zimwagwe kabla ya majira ya baridi, maana nyingi haziamki bila majuma kadhaa ya baridi yenye unyevu. Kando yake weka Rudbeckia hirta, ua rasmi la Maryland tangu 1918. Ni vigumu kuliita gugu.

Kipindi kigumu huja maua yakishakauka. Safu ya mbele, inayoonekana barabarani, ikate mapema. Ya nyuma iache na vichwa vyake, ndege wale mbegu. Majira ya kuchipua yakifika ikate, ukibakiza visiki vya sentimita 30 hivi, kwa kuwa wako nyuki wa porini wanaotaga ndani ya mabua hayo.